Wifi na Mlango wa Kutokea

Jumatatu, 3 Machi

Mhariri amenikatia tena aya nzima. Aya bora kuliko zote! Eti nimemwita mkuu wa lile soko la kripto "mtunza ghala anayelala na funguo za watu mfukoni", na mwanasheria wa gazeti amekunja uso. Akunjue. Sikuandika kwamba ni mwizi. Niliandika kwamba akiamua kuwa mwizi kesho asubuhi hakuna atakayejua mpaka mambo yameharibika. Kosa si tabia yake, ni mpango wenyewe. Ukiweka sarafu zako sokoni kwake huna tena sarafu. Una ahadi yake. Basi.

Jioni kwa wifi. Dada mkubwa wa mume wangu, mwigizaji, mkuu wa kikundi cha maigizo. Akiingia chumbani unadhani taa zimewashwa kwa ajili yake. Wenzake wanamwita Mama Pazia. Tumegombana naye tangu siku ya harusi yangu, na leo tumepata ugomvi mpya. Ukumbi wanaoupanga unauzwa. Mwenye ukumbi amewapa wao nafasi ya kwanza: walete fedha mwisho wa mwezi huu, wakishindwa anamuuzia mfanyabiashara anayetaka kuhifadhia matairi. Matairi! Pale!

Fedha zipo. Waigizaji wao wa zamani walio ng'ambo wamechanga, wakatuma kwa kripto kwa sababu benki zingekula sehemu nono njiani. Zimefika. Ziko wapi? Kwa yule yule! Kwa Bwana Meno! (Mimi ndiye namwita hivyo. Mtu yule anatabasamu hata akipiga chafya.) Na hawazitoi, kwa sababu wakiziacha hadi mwisho wa mwezi bila kuzigusa wataongezewa faida, nao wanaitaka kwa viti vipya.

Nilipandwa na mori. Nikamwambia: wifi, fedha iliyolala peke yake haizai. Ikizaa, ujue imelazwa na mtu. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Wewe Pilipili, hata ukizawadiwa saa utauliza imeibwa kwa nani."

Mume wangu katikati yetu, kimya kama kabati.

Jumatano, 5 Machi

Mdahalo. Mimi na Bwana Meno, mbele za watu, ukumbini kwao wifi. Viti vya mbao vinavyolalamika, pazia jekundu lenye kiraka, harufu ya rangi. Na ule mlango wa pembeni wa kutokea, wenye springi ya kishetani — ukiuachia tu unakubamiza mgongoni. Lazima siku zote mtu asimame aushike. Kabla hatujaanza, watu wakiingiza vyombo, wifi akaniambia nikaushike mimi. Mimi, mzungumzaji mkuu! Nikamjibu sikuja kuwa jiwe la mlango.

Nilimpiga Bwana Meno vizuri. Akaonyesha kwenye skrini tarakimu ndefu kama treni: akiba yetu yote hii hapa, kila mteja ajionee. Nikasema: umetuonyesha ulichonacho, hujatuonyesha unachodaiwa. Hata mimi nikibeba mikoba ya akina mama wote waliomo humu nitaonekana tajiri. Makofi! Halafu naye akasimulia jinsi mama yake alivyofukuzwa benki kwa sababu ya viatu vyake. Ukumbi ukayeyuka. Nikiwa mkweli — na humu nani wa kumdanganya? — anajua kuongea yule bwana.

Ndipo wifi akasimama. Safu ya mbele. Polepole, kama kwenye onyesho la mwisho.

"Mwanangu, kuingia tumekuona. Hebu tuonyeshe kutoka."

"Ni kitufe kimoja tu, mama yangu."

"Kibofye."

Akakibofya, mbele yetu sote. Akatoa fedha kidogo kwenye akaunti yake mwenyewe. Zikafika hata kabla hajashusha mkono. Watu wakasimama kwa shangwe, na mimi nikabaki pale kama mchawi aliyekosa wa kumroga.

Nimerudi nyumbani mbio. Wifi yangu mwenyewe amenichimbia kaburi, tena ndani ya nyumba yake! Mume wangu anasema labda alikuwa na maana yake. Maana gani? Kabati limepata ulimi leo.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikwenda kumgombeza. Nimerudi nimenyamaza. Niandike hili kabla halijapoa.

Nilimkuta mazoezini. Hawakuwa wakifanya mazoezi ya kuigiza. Walikuwa wakifanya mazoezi ya kutoka. Taa zimezimwa, mmoja mmoja wanaondoka jukwaani gizani, wanashuka ngazi, wanaupita ule mlango, seremala wao ameushika. Halafu tena. Na tena! Nikauliza hii ni nini. Seremala — ndiye anayewatengenezea mandhari, mtu wa mikono mikubwa na maneno mafupi — akasema: kila Ijumaa, Mama Pazia hataki mjadala. Kuingia jukwaani hata mlevi anaweza. Wanaovunjika miguu ni wanaotoka.

Kisha wifi akachukua simu, akatoa kiasi kidogo kwenye soko la Bwana Meno. Katika zile chache ambazo hazikufungiwa faida. Akaiweka simu juu ya kiti, mazoezi yakaendelea. Ikalia. Zimefika. Akazirudisha.

Nikamuuliza, wifi, unacheza mchezo gani?

"Nagusa mlango."

Kumbe hufanya hivyo kila Ijumaa! Tangu fedha zifike! Na lile la Jumatano halikuwa la kunidhalilisha. "Nilitaka kuona anatoa kiasi gani mbele za watu," aliniambia. "Mtu mwenye mlango mpana angetoa gunia. Yeye katoa kijiko."

Mimi nilikuwa pale. Nimesoma vitabu kuhusu kila benki iliyowahi kuanguka tangu watu waanze kukopeshana. Nilikitazama kijiko kile kikitoka na nikaona kijiko tu.

Nikapandisha sauti: kama unashuku, toa zote leo! Akanitazama kama anavyowatazama wanaochelewa mazoezini. Kikundi kilipiga kura, anasema. Yeye ana kura moja kama wengine, na alishindwa. "Lakini hakuna kura iliyonikataza kugusa mlango." Tena amewabana kwa sharti: Ijumaa ambayo fedha hizo za kujaribia hazitakuwa zimefika mazoezi yakiisha, anatoa zote, faida ipotee, bila kikao. Walikubali huku wakicheka.

Amewafunga kwa kicheko chao wenyewe. Mimi nimeandika makala ngapi? Hakuna hata moja iliyomfanya mtu yeyote akubali sharti lolote.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeketi na masharti ya soko la Bwana Meno, yale ambayo kila mtu huyakubali kwa kidole gumba. Kurasa na kurasa. Halafu, chini kabisa ya kifungu kinachozungumzia "kuboresha huduma": soko linaweza kuzitumia sarafu za mteja, kuziweka rehani au kuzikopesha. Kwa nani? Halisemi. Likifilisika, mteja anasubiri pamoja na wadai wengine. Yaani wewe si mwenye mali. Wewe ni mtu aliyemkopesha Bwana Meno bila kujua.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Nimempigia wifi kumsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nisome polepole, ninakimbia kwenye vituo.

Ijumaa, 14 Machi

Haikulia.

Nilikuwa pale. Nimeanza kwenda kila Ijumaa, najidanganya ni kwa ajili ya makala. Wifi akatoa kiasi kile kile, akaiweka simu juu ya kiti. Taa zikazimwa. Wakatoka. Wakarudi. Wakatoka. Simu kimya. Nikaitazama: "Ombi lako linashughulikiwa." Seremala akasema labda mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri, nilisoma habari zote za dunia kwenye simu yangu. Wakatoka mara ya mwisho. Taa zikawashwa. "Linashughulikiwa."

Wifi hakupandisha hata unyusi. Akakaa kwenye kiti cha mfalme cha onyesho lao — cha plaiwudi, kimepakwa rangi ya dhahabu — akaomba kutoa fedha zote. Faida kwaheri. Seremala akaanza kusema subiri kidogo Mama, tusubiri hata kesho. Akamjibu: "Sharti mlilicheka wenyewe."

Sasa hili ndilo lililonikata maini. Alipomaliza tu, badala ya kukaa kuitazama simu kama mimi, akaanza kuwapigia watu. Fundi cherehani anayewashonea. Mwalimu wa watoto wa jirani. Muuza maua. Kila aliyejua ana fedha mle. Kwa kila mmoja maneno yale yale: mimi nimeomba kutoa, bado hazijafika, sisemi zimepotea, ila jaribu mlango wako. Nikamnong'oneza: wifi, kila unayemwambia anaingia foleni moja na wewe! Akaziba simu kwa kiganja.

"Kwani moto ukiwaka humu, nitoke kwanza ndipo nipige kelele?"

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi nimewatafuta wasomaji wangu walioniandikia siku za nyuma kuhusu soko lile. Kila ninayempata, hadithi moja: ombi la juzi, au la tangu Jumatano, "linashughulikiwa". Mmoja kaambiwa ni matengenezo. Mwingine, usalama. Mwingine, sikukuu ya benki — kripto na sikukuu ya benki wapi na wapi! Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu anajenga tatu kwa pamoja.

Nikamwandikia Bwana Meno maswali yangu, kama inavyopasa. Makala itatoka Jumatatu, una nafasi ya kujibu. Mimi hupiga, lakini sipigi mtu kisogoni.

Hakunijibu mimi. Alimpigia wifi!

Nilikuwepo. Chumba cha kubadilishia nguo, wanajiandaa kwa onyesho la mchana. Wifi ameshapaka nusu ya uso: upande mmoja malkia, upande mwingine wifi yangu na mikunjo yake. Akaweka spika ili wote tusikie. Sauti laini kama sabuni. Mama yangu. Kuna msongamano mdogo. Ombi lako nimeliona mimi mwenyewe. Naweza kulipitisha leo hii, lote, na faida juu, japo umevunja masharti. Kwa heshima yako. Ila, mama, kuna wifi yako... anataka kuandika mambo ya kuwatia watu hofu. Zungumza naye. Hata wiki mbili tu.

Seremala akashika ukingo wa meza. Aliweka mle akiba yake mwenyewe juu ya mchango, huyu. Wote tukautazama ule uso wa nusu.

"Mwanangu," wifi akasema, "kama fedha zipo, kwa nini ninyamaze? Na kama hazipo, unataka kunilipa kwa za nani?"

Tukasikia anavuta pumzi. Mara ya kwanza namsikia bila yale meno.

Akaanza: mama, elewa kwamba — Wifi akamwambia pazia linafunguliwa, akakata. Akamalizia upande wa pili wa uso. Nimekaa na wanasiasa, maprofesa, maaskofu. Nimewaona wakiuzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Na leo nimeona ukumbi mzima ukiwekwa mbele ya mwanamke huyu, ukumbi aliouigizia tangu ujana wake, naye akausukuma kando ili apake wanja.

Jumapili, 16 Machi

Sikuweza kuvumilia. Nikaenda kwake na makala mkononi. Nikamwambia: wifi, sikiliza, gazeti halianguki nikichelewesha. Wiki mbili tu. Akulipe, mnunue ukumbi, halafu nimchome. Mimi ndiye mwenye makala, na dhambi iwe yangu.

Alikuwa anapasi mavazi. Akaweka pasi kando. Nilidhani atalia, au atanishukuru — mjinga mimi.

"Tangu uolewe na ndugu yangu unanipigia kelele. Arusini umenipigia kelele. Msibani umenipigia kelele. Leo ndiyo siku umeichagua ya kunyamaza?"

Nikasema nafanya kwa ajili yako. Akasema anajua, na ndiyo sababu hajanitoa nje. Fundi cherehani ana nini mle? Muuza maua je? Wao nani atawapigia simu awape faida juu? "Nikinunua ukumbi ule kwa fedha zao, nitakuwa naigiza juu ya migongo ya watu. Sakafu hiyo sitaiweza, wifi. Ina nundu."

Kisha akanipokonya makala, akaisoma yote amesimama. Akasema aya ya pili ina matusi mengi, nimwite tu kwa cheo chake, ukweli unamtosha. Mhariri ananiambia hivyo kila wiki na kila wiki namtolea macho. Nimeyafuta yote pale pale, kwa kalamu yake ya nyusi.

Makala imeshaondoka.

Jumatatu, 17 Machi

Imetoka. Ukurasa wa mbele! Simu haijapoa. Mhariri ananiita dada — ishara mbaya. Bwana Meno ametoa tamko: uzushi, wivu, fedha za wateja ziko salama. Saa chache baadaye, tamko jingine: utoaji umepunguzwa kasi "kwa faida ya wateja". Nimelisoma kwa sauti mbele ya mume wangu. Akacheka! Kabati limecheka!

Waliopigiwa simu na wifi Ijumaa, wachache wamepata. Fundi cherehani, zote. Muuza maua, nusu. Walioomba viasi vidogo, mapema, wamepenya. Ombi la kikundi ni kubwa. Linashughulikiwa.

Seremala amekuja hapa kwangu. Hakukaa. Alisema makala ni nzuri, hana neno, lakini je, naelewa kwamba fedha zilikuwa mkononi? Zilikuwa pale, mama, zilikuwa pale! Nilitaka kumjibu kwa hoja, ninazo za kutosha gunia. Nikamtazama mikono. Nikasema ndiyo, naelewa. Akasema, hata hivyo yeye Mama Pazia hamwachi. Basi tu alitaka kumgombeza mtu, na yule hagombezeki.

Nikamwambia mimi nagombezeka, akae anywe chai. Akakaa. Akanigombeza vizuri sana.

Jumanne, 18 Machi

Mwenye ukumbi amempigia wifi, amesoma gazeti. Anauliza: mwisho wa mwezi, mnanunua au hamnunui? Wifi amemjibu hajui, na akijua atamwambia yeye kabla ya yeyote. Hakuomba siku hata moja ya nyongeza. Nikamuuliza mbona hukuomba! Anasema mzee yule naye ana madeni yake, na neno ni neno.

Nampenda. Nimeshaandika, basi. Akiona ukurasa huu nitakana.

Ijumaa, 21 Machi

Naandikia magotini, kiti kinalalamika.

Leo Ijumaa, kwa hiyo mazoezi ya kutoka. Nikadhani wataahirisha. Ombi bado. Kwenye simu neno ni lile lile, na mfanyabiashara wa matairi jana alikuja na futi yake akapima kuta. Alipima hata jukwaa, amevaa viatu. Seremala alimtazama tu, akaenda nje kupiga misumari mahali pasipohitaji misumari.

Lakini mlangoni leo kuna watu. Wengi, mpaka barabarani. Wamesikia kwamba kuna mama hapa aliyejua mapema. Wazee, vijana, mtu na mkewe hawasemezani, muuguzi na sare yake. Kila mmoja simu mkononi. Nilidhani wifi atawaambia waje kwangu, mimi ndiye mwenye makala! Hapana. Amewaingiza wote, amewakalisha kwenye viti, amesimama jukwaani na taa moja. Anawaeleza taratibu. Hii ni kuomba kutoa. Hapa unaandika kiasi. Anza kidogo. Picha ya kila hatua weka, utahitaji ushahidi. Huyo anayekuambia lipia kwanza ndipo ufunguliwe, ni mwizi wa pili, mkimbie. Mtu akauliza: na wewe mama, umezipata? Akasema bado. Hivi hivi, bado, kama anayetaja hali ya hewa. Ukumbi ukatulia. Hakuna onyesho lake ambalo ukumbi umewahi kutulia vile.

Mwenye ukumbi mwenyewe amekuja. Nimemwona safu ya nyuma, ametoa kofia. Sijui amefuata nini. Amepewa kiti kama wengine, naye ametoa simu — kumbe na yeye ana fedha mle! Anasubiri zamu yake.

Sasa simu ya muuguzi imelia. Zimefika, kidogo lakini zimefika, anapiga kigelegele, watu wanamgeukia wifi na wifi anapiga makofi kama vile ni zake. Simu yake iko juu ya kiti cha dhahabu. Haijalia. Haitazami. Mazoezi ya kutoka yanaanza, anasema, na wageni wote watoke pamoja na waigizaji, taa zimezimwa, waone inavyofanyika bila kusukumana. Seremala ana wazee wawili mikononi, hawezi kushika kitu kingine. Naandika kwa mwanga wa simu, na ule mlango umeshambamiza mtu wa kwanza.

"Wifi! Pilipili! Acha hayo madaftari, njoo ushike mlango!"

Nakwen—